Kununua vishale Dodoma: nenda dukani na rula

Seti yangu ya kwanza ya vishale vya kurushia ubaoni niliinunua hapa mjini. Nyeusi tititi, na boksi limeandikwa tangsteni, ile metali nzito. Mwezi haujaisha, weusi ukaanza kubanduka pale ninaposhika, chini yake pakatokea unjano. Kumbe shaba iliyochanganywa na zinki, imepakwa rangi. Tangu hapo sinunui vishale bila rula mfukoni.

Rula inatosha kwa sababu tangsteni ni nzito ajabu: sentimita moja ya ujazo ina gramu 19 na ushee, wakati shaba ya njano haifiki hata 9. Mwili wa kishale wa gramu 22, urefu sentimita 5, ukiwa wa shaba lazima unenepe hadi milimita 8 hivi. Wa tangsteni ya asilimia 90 hauzidi 6. Sasa kile chumba chembamba ubaoni, cha kuzidisha alama mara tatu, kina upana wa milimita 8 tu. Ukiingiza vishale viwili vinene humo, cha tatu kinagonga migongo ya wenzake na kwenda sakafuni, nawe ulikuwa umelenga vizuri kabisa.

Bei yake nayo ina sababu. Tangsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, juu ya metali nyingine zote, kwa hiyo haimiminwi kwenye kalibu kama shaba. Unga wake huchanganywa na nikeli na chuma, au nikeli na shaba, ukashindiliwa, kisha ukapikwa kwa joto la karibu nyuzi 1,500. Hapo nikeli na wenzake huyeyuka na kuzishika chembe za tangsteni kama gundi. Ndipo mwili hukerezwa, ukachongwa mifereji ya vidole, ukatobolewa mbele kwa ncha na nyuma kwa skrubu. Ile asilimia 10 inayobaki kwenye boksi la "90" ndiyo gundi yenyewe.

Kwangu namba moja ni tangsteni ya asilimia 90, gramu 22 hadi 24. Sheria inaruhusu kishale kizito zaidi ya hapo, lakini sijaona mtu mwenye haja nacho.

Namba mbili, asilimia 80. Kinanenepa kidogo sana, na tofauti utaihisi mfukoni kuliko ubaoni. Fedha ikiwa haitoshi, simama hapa bila aibu.

Namba tatu, shaba ya njano, mradi iuzwe kwa jina lake. Inafaa kwa ubao wa grosari, ambako vishale huazimwa na havirudi.

Asilimia 95 na 97 nimeziweka mkiani makusudi. Ni vyembamba, ndiyo, lakini gundi ikipungua mwili unakuwa mkavu, rahisi kuvunjika, na sakafu zetu ni za saruji. Anayepata mara tatu ya 20 kila raundi anunue, mimi bado.

Mifereji ichague kwa hali ya hewa. Dar mkono unatoka jasho. Hapa kwetu Julai na Agosti vidole vimekauka na upepo una vumbi. Mifereji laini itakuteleza, ya kina sana itajaa vumbi. Chukua ya wastani, na mswaki wa zamani wa kuisafishia.

Kijiti cha nyuma nunua cha nailoni, uhakikishe kina skrubu ya kipimo cha 2BA, maana ndicho kinachoingia kwenye vishale vingi. Manyoya ya mkiani ni ya plastiki. Mapana hunyanyua mkia, ila ukichezea barazani upepo unayayumbisha, hivyo beba na membamba ya akiba. Ni bei ndogo.

Kama unanunua na ubao, uwe wa mkonge, ule ule tunaoupita mashambani Morogoro tukienda pwani. Nyuzi zake zimesimamishwa ncha zikimtazama mrushaji, hufunguka kishale kikiingia na kufunga kikichomolewa. Ubao wa karatasi hubaki na matundu. Uweke kivulini. Katikati ya shabaha iwe sentimita 173 kutoka sakafuni, mstari wa kurushia sentimita 237 kutoka usoni mwa ubao. Pima kwa futi kamba, si kwa hatua, maana kila mwenye miguu mirefu atadai zake ndizo sahihi.