The Thing: ya 1982 au ya 2011?
Filamu zote mbili za kutisha ziko Antaktika, na dude ni lile lile: linammeza mtu, kisha linajifanya yeye. Ya 1982, ya John Carpenter, inashinda kwenye kipimo cha damu. MacReady, mhusika mkuu, anachovya waya wa moto kwenye damu ya kila mtu, kisahani kimoja baada ya kingine. Waya ukilia chwaa, basi, huyo ni mtu kweli, si dude. Ukishazoea mlio huo, damu ya Palmer, mmoja wa wenzake, inaruka. Madude ya Rob Bottin, aliyeyatengeneza kwa filamu hiyo, yana ute na uzito. Udhaifu wake: wahusika kadhaa wanachanganya.

Ya 2011 ina wazo zuri, kukagua meno yaliyozibwa kwa madini, maana dude haliwezi kuiga madini. Lakini madude mengi yaliyotengenezwa kwa mikono yalifunikwa kwa picha za kompyuta, yakawa mepesi kama katuni.