Betri ya bodi ya umeme ya kupanda nayo ndege: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko ya wasomaji wa Kisumu yanafanana. Mtu amenunua bodi ya umeme, yaani ubao wa majini unaosukumwa na mota, ameifurahia Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, mwezi mzima, kisha likizo ikafika akaifunga kwenda nayo Diani kule pwani. Kwenye ukaguzi uwanjani betri ikatolewa begini, ikageuzwa chini juu, ikakataliwa. Bodi ikasafiri, betri ikarudi nyumbani na shemeji aliyekuwa amemsindikiza.

Kasi, uzito na rangi za bodi muuzaji atakueleza bila kuulizwa. Mimi nataka uangalie kitu kimoja tu, maandishi yaliyo kwenye ganda la betri.

Betri za lithiamu hupimwa kwa wati-saa, yaani Wh. Hadi Wh 100 unaingia nayo ndani ya ndege. Ikizidi 100 mpaka 160, shirika la ndege lazima likubali kwanza, na za akiba zisizidi mbili. Ikipita 160 haisafiri na abiria, iwe mkononi au tumboni mwa ndege. Betri uliyoichomoa kwenye bodi huhesabiwa ya akiba, kwa hivyo hukaa kwenye begi la mkononi tu. Na usidanganywe kwamba ukimaliza chaji itaruhusiwa. Wh ni ukubwa wa betri, si umeme uliobaki ndani yake.

Sasa, mkaguzi hana mashine ya kupima Wh. Anasoma. Asipoona namba, betri haina namba. Na ndipo bodi nyingi zinapofeli, kwa sababu watengenezaji wengi hubandika stika ya karatasi upande wa chini wa betri, pale pale inaposuguana na sakafu ya kisanduku chake. Maji ya Ghuba ya Winam yana tope laini. Tope hilo huingia kwenye kisanduku na kusugua stika kama msasa kila bodi inapotikisika. Mafuta ya kujikinga na jua yakiongezeka mikononi, wino unayeyuka. Mara nyingi "36V" inabaki inasomeka, "Wh" imeshafutika. Dukani igeuze betri, sugua maandishi kwa kidole kilicholowa. Yakiacha weusi kidoleni, irudishe. Unayoitaka imechongwa kwa leza au imepigwa chapa kwenye plastiki yenyewe, ionyeshe volti, Ah (ampea-saa) na Wh zote tatu. Kama tayari unayo yenye stika, ikaushe vizuri, ifunike kwa selotepu pana inayoonyesha maandishi, na upige picha kabla haijaguswa na maji tena.

Ya kwanza kwangu ni Bixpy, kampuni ya mota na betri za majini, wala sifichi upendeleo. Walitengeneza PP-77-AP, betri ya Wh 77, mahsusi kwa msafiri wa ndege. Iko chini ya 100, huombi ruhusa. Kasoro yake ni muda. Mota ikila wati 150, Wh 77 zinakwisha kwa nusu saa hivi. Magugumaji yakijisokota kwenye propela, mota inavuta umeme zaidi na hiyo nusu saa haifiki. Kwa hivyo nunua mbili, na kila moja iwe na ganda lake, maandishi yake na kifuniko cha ncha zake. Pakiti mbili zilizounganishwa kwa waya ndani ya mfuko mmoja wa plastiki zitahesabiwa betri moja, na hapo umeshapita 100. Kabla ya kulipa hakikisha plagi inaingia kwenye mota uliyonayo.

Ya pili ni betri za kati ya 100 na 160, mfano volti 36 kwa Ah 4.4, ambayo ni Wh 158.4. Zinafaa kwa asiyechoka kuandika barua pepe. Andikia shirika mapema, taja volti, Ah, Wh na idadi, uambatanishe muhtasari wa majaribio ya UN 38.3, yale ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa betri za lithiamu safarini. Tangu Januari 2020 mtengenezaji anatakiwa kuutoa, na anayekwambia hana usinunue kwake. Ukibadilisha shirika Nairobi, ruhusa ya la kwanza haikufikishi Mombasa. Jibu lichapishwe. Simu huzima chaji kwenye foleni.

Ya tatu ni betri kubwa za bodi za foili, zile zinazoinuka juu ya maji kwa bawa lililo chini yake, kama Fliteboard na Lift. Ni bodi nzuri, lakini betri hizo zinapita 160 kwa mbali. Ikitumwa peke yake ni mzigo wa hatari wenye namba UN3480, hupanda ndege ya mizigo tu, na chaji isizidi asilimia 30. Ukiwa nayo, iache Kisumu na ukodi kule uendako, au nenda kwa barabara.

Za bei rahisi zisizo na maandishi, au zilizofungwa ndani ya bodi kwa gundi zisichomoke, sina la kusema zaidi ya usinunue.

Kinachoniudhi ni matangazo ya mAh, yaani miliampea-saa. Duka linaandika "20,000mAh, inaruhusiwa ndegeni" na volti haionekani popote. mAh 20,000 kwa volti 3.7, kama ya pawabanki, ni Wh 74. Hizo hizo kwa volti 14.8 ni Wh 296, na safari yako imeishia Kisumu. Gawanya mAh kwa 1,000, zidisha kwa volti. Hesabu ni ya dakika moja, na muuzaji anaijua. Anaitisha bei ya betri ya kusafiria, ukirudi kulalamika anasema yeye aliuza bodi, hakuuza tiketi. Mlazimishe aandike Wh kwenye risiti kabla hujatuma pesa.

Usiku wa kuamkia safari funika ncha kwa tepu ya umeme, kila betri mfuko wake, ziwe juu kabisa ya begi. Na wakikwambia mlangoni begi lako la mkononi liende chini kwa kukosa nafasi, zitoe kwanza, uingie nazo mkononi.