Mapitio: semina ya siku tano kwa timu za umisheni zenye watu wa mataifa mbalimbali, Dar es Salaam

Kwa anayeuliza kama semina hii inastahili ada yake: siku ya tatu na ya nne zinastahili, ya pili ni nzuri kuliko inavyotangazwa, na ya kwanza ingeondolewa hakuna ambaye angepungukiwa. Ya tano ina somo zuri, ila fomu zake ni za upande mmoja. Waandaaji hatuwataji kwa sababu yapo ya kuwalaumu humu, ila walio kwenye huduma hapa Dar watalitambua lile kabrasha la jalada la kijani.

Zinapokelewa timu tano kwa awamu, kila moja watu wasiozidi sita. Sharti ni timu nzima ije, si wawakilishi. Ni sharti zuri na lingepaswa kusimamiwa kwa ukali zaidi, maana kiongozi anayetuma vijana wake halafu mwenyewe anabaki ofisini Upanga "kumalizia mambo" huwa amewatuma wakajifunze kumvumilia yeye.

Siku ya kwanza ni ya tamaduni. Ukutani linatupwa jedwali: Mjerumani anapenda ratiba, Mkorea anamtii mkubwa, Mbrazili anakumbatia, Mwafrika anajali jamaa. Mstari wa "Mwafrika" ni mmoja tu, kwa hiyo Mnyakyusa, Myoruba na Mzaramo wamekaa kwenye kisanduku kimoja. Kasoro yake inaonekana kabla ya chai ya saa nne: watu wanaanza kuitana kwa jedwali. Mjerumani akichelewa anataniwa, Mtanzania akichelewa anasamehewa kwa huruma ambayo hakuiomba. Hiyo ya pili inauma kuliko ya kwanza.

Jedwali pia limesahau majirani. Migongano mingi ya timu za hapa haiko kati ya Mzungu na Mwafrika, ambako kila mtu amekuja amejiandaa, bali kati ya Mkenya na Mtanzania, ambao kwa kuwa wanasema Kiswahili hawakujiandaa kabisa. Mkenya akisema "nipe hiyo ripoti kesho" ameongea kawaida tu; masikio ya Mtanzania yamesikia amri. Mtanzania akisema "sawa, tutaliangalia", Mkenya ameshaandika kwamba jambo limepita, kumbe limekataliwa kwa adabu. Nusu saa ya jambo hili ingefaa kuliko jedwali zima.

Na madhehebu hayakuguswa. Timu ya Mlutheri, Mmoraviani na Wapentekoste wawili inaweza kuelewana kwa chakula na lugha kisha ikapasuka siku mtu wa kwanza anapoamini: abatizwe vipi, na nani, na Jumapili aende wapi? Hilo liandikwe kabla hajapatikana huyo mtu. Akishapatikana, kila mmoja ana sababu ya kumvuta upande wake.

Siku ya pili ni ya lugha, na hapa wakufunzi wanajua kazi yao. Zoezi kuu ni kikao cha saa nzima kinachoendeshwa kwa Kiswahili peke yake. Asiyejua Kiswahili anakaa na mkalimani mmoja nyuma yake na haruhusiwi kusema mpaka tafsiri imfikie. Dakika ya ishirini utaona mtu aliyezoea kuongoza vikao vyote kwa Kiingereza amenyamaza, anacheka sekunde kumi baada ya wenzake. Maelezo yanakuja baadaye: ndivyo mwinjilisti wa Mbagala anavyokaa kwenye vikao vyenu kila Jumatatu, mkidhani hana mawazo.

Kanuni wanazowapa ni za kutendeka. Ajenda itumwe kwa maandishi siku mbili kabla, kwa lugha zote mbili, kwa sababu anayetumia lugha ya pili anahitaji muda kuliko aliyezaliwa nayo. Maamuzi yaandikwe ubaoni kikao kikiendelea, yasisubiri muhtasari. Anayeongea Kiingereza cha nyumbani kwao aongee wa mwisho. Maombi kila mtu kwa lugha yake, bila kutafsiriwa. Na saa ziandikwe kwa maneno: "saa nane mchana". Mgeni anayeandika "2:00" kwenye kundi la WhatsApp amewaita wenyeji saa mbili asubuhi, kisha anawakuta wameshaondoka na anashangaa.

Kipande cha "ndiyo tatu" nacho ni kizuri. Ipo ndiyo ya kukubali, ipo ya "nimekusikia", ipo ya kumstahi aliyeuliza. Kuzitofautisha hakuhitaji kipaji: uliza lini, nani, na kwa fedha ipi. Ndiyo ya kweli itajibu mawili kati ya hayo papo hapo. Nyingine zitarudi kwenye "Mungu akipenda".

Siku ya tatu timu inaandika mkataba wake. Kabrasha linatoa fomu ya vipengele saba: nani anaamua, fedha, lugha na namna ya kuitana, ugomvi, mapumziko na afya, picha na taarifa zinazotumwa kwa wafadhili, na kuondoka. Namna ya kuitana inaonekana jambo dogo mpaka kijana wa miaka 22 amwite mchungaji mwenye wajukuu kwa jina lake la kwanza mbele ya usharika. Mzee hatasema kitu. Ataacha kuja. Hapa wanashauri timu iandike jina kwa jina: huyu tunamwita Mchungaji, huyu Mama Neema, huyu amesema mwenyewe aitwe Daniel basi. Shikamoo haisubiri mkataba.

Kwenye kipengele cha "nani anaamua", msiridhike na neno "kwa pamoja". Fomu inataka viwango: matumizi hadi shilingi 50,000 mtu mmoja aamue, hadi 500,000 wawili, zaidi ya hapo kikao. Timu nyingi hukwama hapa saa nzima, na ni heri zikwame hapa kuliko huko Mkuranga gari likiwa limeharibika.

Kipengele cha ugomvi kimeandikwa na mtu asiye wa huku. Kinanukuu Mathayo 18:15–17 na kudai umwendee mwenzako peke yako ndani ya saa 48. Kwa watu wa rika moja sawa. Kwa kijana dhidi ya mzee, au mke wa mwinjilisti dhidi ya mkuu wa shirika, ni kumwambia avunje adabu kwanza ndipo apatanishwe. Wakufunzi wawili wenyeji walikirekebisha kwa mdomo, na marekebisho yao ndiyo yangechapwa: kila mtu ataje mshenga wake mapema, kabla ya ugomvi wowote. Kazi ya mshenga ni kufungua mlango tu, hapeleki wala haleti malumbano, na ndani ya siku saba wenye ugomvi lazima waketi uso kwa uso. Bila hicho kikomo cha siku, ushenga hugeuka umbea, na timu yenye washenga wanne wasio na kikomo ina makundi manne.

Kosa la siku hii ni kusaini. Watu waliofahamiana wiki mbili wanasaini karatasi kwa furaha kwa sababu hawajakosana bado. Wakufunzi wenyewe wanafundisha hatua za timu alizozieleza Bruce Tuckman mwaka 1965, kukutana, kuvurugana, kuelewana, ndipo kufanya kazi, halafu wanawasainisha watu wakiwa hatua ya kwanza. Dawa ni rahisi: sainini kwa penseli, weka tarehe ya siku 90 mbele, mrudi kwenye karatasi ile ile na wino. Na kila anapoingia mtu mpya isomwe tena yote kwa sauti. Timu zinazopokea wageni wa mwezi mmoja kila Julai zijue zinaanza upya kila Julai.

Siku ya nne ni fedha, na ndiyo siku inayolipa ada. Kila timu inapewa masurufu ya kuigiza, shilingi 1,200,000 kwa safari ya siku tatu Kigamboni na vijiji vya mbele, na bahasha ya matukio: bodaboda hana risiti, mwenyekiti wa mtaa anaomba nauli, mtoto wa mwenyeji wenu anaumwa usiku, mtandao umekata fedha ya kutolea. Jioni mnafanya marejesho, yaani kutoa hesabu ya fedha hizo, mbele ya wote.

Karibu timu zote hushindwa palepale, kwenye vitu vidogo visivyo na risiti. Mfadhili ng'ambo anataka karatasi. Mama muuza mihogo hana karatasi. Mwinjilisti anaona aibu kumdai, analipa mfukoni mwake au anabuni risiti, na miezi sita baadaye anaitwa mwizi. Suluhisho la kabrasha ni daftari moja la malipo yasiyo na risiti: tarehe, kitu, kiasi, namba ya simu ya aliyelipwa na saini za wawili, kila malipo yasizidi shilingi 10,000. Malipo ya simu yahifadhiwe ujumbe wake, na makato yaandikwe mstari wake mwenyewe. Fedha ya kazi isipite kwenye laini ya mtu binafsi. Ikipita wiki moja tu hakuna anayejua tena ipi yake na ipi ya huduma, hata mwenyewe.

Kwa mikopo na shida za majirani wanapendekeza mfuko mdogo wa pamoja wenye kiwango cha mwezi na watu watatu wa kuamua, mmoja wao akiwa mwenyeji asiyelipwa na shirika. Faida yake si wema tu. Mgeni anayeombwa peke yake kila jioni ama anageuka benki ama anaacha kufungua mlango.

Kilichoachwa, na kiliachwa makusudi, ni mishahara. Kwenye timu hizi mmoja anaishi kwa michango ya makanisa ya kwao, nyumba ya Mbezi na gari, mwenzake analipwa na dayosisi au na sadaka za usharika wake, na wote wanaitwa "watendakazi pamoja". Mkufunzi aliulizwa, akasema ni suala la kila shirika. Ni kweli, lakini hapo ndipo manung'uniko yanapozaliwa, na semina yenyewe ilikuwa imesoma Matendo 6 asubuhi ile. Humo wajane wa upande wa Kiyunani walisahauliwa kwenye mgawo wa kila siku. Mitume hawakuishia kuhubiri umoja: walitaka watu saba wa kuusimamia mgawo, na majina ya wote saba, kuanzia Stefano hadi Nikolao mwongofu wa Antiokia, ni ya Kiyunani. Upande uliolalamika ulikabidhiwa meza ya mgawo. Timu haihitaji kusawazisha mishahara siku moja, ila yapo yanayowezekana kesho: posho ya safari iwe moja kwa wote, gari liwe na ratiba ubaoni, na bima ya afya ya mwenyeji iingie kwenye bajeti ile ile inayomkatia mgeni.

Siku ya tano ni kuwaandaa watendakazi. Somo linafunguliwa kwa Waefeso 4:12, "kuwakamilisha watakatifu", na maelezo kwamba neno la Kiyunani lililoko hapo ni la ukoo mmoja na lile la Marko 1:19, ambapo Yakobo na Yohana wanatengeneza nyavu chomboni. Kwa watu wa Dar hakuna haja ya picha. Nendeni Feri au Kunduchi mkaone mtu akishona tundu moja baada ya jingine, kila tundu kwa ukubwa wake. Kutoka hapo wanafundisha ngazi nne: atazame, mfanye pamoja, afanye ukimtazama, afanye ukiwa hupo. Kila kazi iandikwe na jina, ngazi aliyopo, na mwezi wa kupanda.

Ukizisoma fomu za mfano utaona mfundishaji ni mgeni kila mara na mfundishwaji ni mwenyeji. Hilo halilingani na historia. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, walimu na wainjilisti wenyeji ndio waliobaki na sharika. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri, yaliyotokana na kazi za mashirika ya nchi mbalimbali, yaliungana kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Duniani ulifanyika hapahapa Dar es Salaam na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Basi fomu iwe na safu mbili: nani anamfundisha nani lugha, msiba na namna ya kuingia nyumba ya watu, na nani anamfundisha nani hesabu au kompyuta. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini anayejua linavyoshikwa jembe hilo ni mwenyeji.

Mahali ni kituo cha kanisa upande wa Mbezi. Vyumba safi, feni zinafanya kazi, jenereta ipo, projekta ni hafifu mchana. Chakula hakina lawama: wali, samaki, mchicha, na chai yenye maandazi ya moto. Ada ni shilingi 250,000 kwa mtu bila malazi. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto asijaribu kwenda na kurudi kila siku, foleni itammaliza, alipie kitanda. Tafsiri ya kabrasha kwa Kiswahili inasomeka, isipokuwa sura ya ugomvi iliyojaa maneno ambayo hata mtafsiri hakuyaelewa.

Kabla ya kujiandikisha, ulizeni mambo mawili: kama wakufunzi wenyeji wapo siku zote tano, na kama mwenye saini ya benki ya timu yenu ataweza kuwepo siku ya nne. Likikosekana la pili, subirini awamu nyingine.