Macia: mbegu ya mtama niliyoilima misimu mitatu Lukuledi

Macia ni mtama mweupe, mfupi, unanifika kifuani. Unakomaa kwa miezi mitatu, mitatu na nusu. Mbegu hii iliidhinishwa Tanzania mwaka 1999, mwanangu wa kwanza akiwa mgongoni. Mimi nimekuja kuipanda yeye ana watoto wake. Kwa hiyo mkisikia wakulima wa Kusini ni wagumu wa kubadilika, ngojeni kwanza niwaeleze habari ya ndege.

Msimu wa kwanza nilinunua kilo 4 Masasi mjini, za ekari moja. Nikapanda Desemba na mvua za mwanzo, siku ileile mama mkwe aliyopanda mtama wake wa asili. Jua la Februari likaja. Huku linakuja kila mwaka, tunachobahatisha ni litakaa siku ngapi. Mahindi ya jirani yakakauka yakiwa yanatoa mbelewele. Macia ilisokota majani mchana, jioni ikayakunjua. Hapo nikajiona mjanja.

Mwisho wa Machi ikaiva, mvua bado inanyesha. Masuke yakaota ukungu. Yaliyopona wakala ndege, maana kijiji kizima kilichoiva ni shamba langu peke yake. Mtama wa mama mkwe, mrefu kupita paa, ulikuwa hata haujachanua. Ule wa asili unasubiri mvua zikatike ndiyo utoe suke, na wazee hawakuuchagua kwa ushamba. Akaja, akasimama kwenye mpaka, akasema, "Mkwe wangu, umewapikia ndege shughuli." Niliambulia gunia 2.

Msimu wa pili sikuwa na mbegu, nikanunua tena, duka jingine. Nikapimiwa kwenye mfuko wa rambo, hauna lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, wala tarehe, na mimi nikapokea. Iliota shimo moja, ikaruka mawili. Hilo ni kosa langu na la muuzaji, silitwiki Macia. Ila safari hii nilipanda katikati ya Januari, na ukungu sikuuona. Ndege niliwaona.

Msimu wa tatu nikabadili mbinu. Nilikuwa nimechagua masuke mazuri ya katikati ya shamba, mbali na mtama wa mama mkwe. Mtama kwa sehemu kubwa hujichavusha wenyewe, kwa hiyo mbegu ya kujiwekea haiharibiki kama ya mahindi chotara. Nikawapa majirani watatu tunaopakana: chukua pishi moja, ukivuna nirudishie mbili. Sote wanne tukapanda ndani ya wiki moja. Dungu moja, watoto wetu wanapokezana kuamia wakitoka shule. Ndege walikuja walewale, lakini sasa wanagawana mashamba manne. Nikavuna gunia 7.

Jikoni sina ugomvi nayo. Ugali wake ni mweupe, ukiwa wa moto wajukuu hawaulizi kama ni mahindi. Ukipoa wanauliza. Kwa pombe, wanaojua wanasema mwekundu wa asili hauna mpinzani, nami nawaamini maana wameuonja kuliko mimi. Mabua ni mafupi, ukitaka kuzungushia bafu utahangaika. Na fukusi wanaipenda: usiiweke kwenye gunia la kawaida, tafuta mifuko isiyopitisha hewa.

Kwa hiyo ukiwa peke yako kijijini, nakushauri usinunue, au ununue ya robo ekari ukubali hasara ya ndege. Mkiwa watatu wanne mnaopakana, nunueni, mpande Januari.

Mwezi uliopita mama mkwe alinitumia mjukuu na bakuli. Si pishi, bakuli. Eti atapanda pale kwenye kichuguu, aone. Nimemjazia, nikamwambia mtoto amkumbushe bibi yake: si Desemba.