Taco za Copenhagen: gamba gumu au chapati laini?

Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, utapata namna mbili za taco, ile chapati ya mahindi ya Kimexico inayokunjwa na kutiwa nyama au vitu vingine ndani. Moja ni ya mtindo wa Texas: gamba gumu la kukaanga, nyama ya kusaga yenye bizari ya pilau, jibini ya njano. Inashibisha na watoto huipenda, ila Mexico yenyewe imo kwa mbali sana.

Nyingine ni ya mgahawa wa Hija de Sanchez, iliyofunguliwa 2015 na Rosio Sanchez, mzaliwa wa Chicago mwenye wazazi Wamexico, aliyewahi kuwa mpishi wa vitamutamu pale Noma, mgahawa maarufu wa mji huohuo. Huko mahindi huchemshwa kwa maji ya chokaa, hulowekwa humo, ndipo yanaposagwa. Chapati inakuja laini, inanukia mahindi hata kabla hujaionja. Ni ndogo, kweli. Mwenye njaa ataagiza tatu. Mimi naagiza hizo tatu.