Tathmini ya mwongozo wa kanda 12 za utalii za California

Visit California, shirika linalotangaza utalii wa jimbo la California nchini Marekani, limeligawa jimbo hilo katika kanda 12, na mwongozo wake, unaopatikana bila malipo, humpitisha msafiri kanda kwa kanda. Nimeutumia kupangia safari za majira ya joto na za majira ya baridi, na kwa maoni yangu unamfaa sana anayeridhika na kanda mbili au tatu zinazopakana. Anayeusoma kwa tamaa ya kuzimaliza zote ataishia kuyamaliza mapumziko yake ndani ya gari.

Sifa yake kubwa ni kumwondoa mgeni kwenye njia iliyozoeleka kati ya Los Angeles na San Francisco. Bila mgawanyo huu wageni wengi wasingefika Shasta Cascade, kaskazini kabisa, ambako mlima Lassen Peak ulianza kulipuka mwaka 1914 na ardhi inayouzunguka bado inatoa mvuke na tope linalochemka; wala wasingefika North Coast, penye miti ya redwood ambayo baadhi yake imepita urefu wa mita 110. Gold Country nayo inaeleweka upesi, kwa kuwa barabara ya 49 inaunganisha miji iliyozaliwa na dhahabu iliyogunduliwa Coloma mnamo Januari 1848.

Kasoro inaanzia kwenye ukubwa wa kanda zenyewe. Los Angeles, Orange na San Diego ni kaunti, na kila moja imehesabiwa kuwa kanda kamili, ilhali kanda ya Deserts imekusanya majangwa mapana kiasi kwamba hifadhi ya Death Valley peke yake inaizidi kaunti ya Orange zaidi ya mara tano. Msomaji anayekuta majina 12 yamepangwa kwa usawa anaweza kudhani kila moja linahitaji siku zilezile, na hapo ndipo ratiba zinapoharibika.

La pili ni majira, na hili ni zito zaidi. Ramani inaonyesha High Sierra, kanda ya milima mirefu, na Deserts zikipakana, na kwa kweli Mlima Whitney wa High Sierra, wenye mita 4,421, na bonde la Badwater huko Death Valley, lililo mita 86 chini ya usawa wa bahari, vimetengana kwa takribani kilomita 136 tu kwa mstari ulionyooka. Hata hivyo, barabara inayovuka Yosemite, hifadhi ya High Sierra, kupitia kipito cha Tioga, chenye mwinuko wa mita 3,031, kwa kawaida hufungwa kwa theluji kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Mei au Juni, na mwaka 2023 haikufunguliwa hadi Julai. Anayesubiri theluji iishe huko juu atalikuta jangwa likiwaka, kwani ni Death Valley iliyoandikiwa nyuzi 56.7 za Selsiasi mnamo Julai 1913. Pwani nayo haifuati matarajio: asubuhi ya Julai pale Golden Gate, San Francisco, minara ya daraja huchungulia juu ya ukungu huku watalii waliovaa kaptura wakitetemeka.

Kama ningeruhusiwa kupendekeza njia moja tu, ningechagua kuvuka Tioga na kuteremka hadi Mono Lake, kisha kushika barabara ya 395 kuelekea kusini. Kwenye ufuo wa ziwa hilo zimesimama nguzo za chokaa zenye matundumatundu, nyingine ndefu kuliko mtu. Ziliota chini ya maji, pale chemchemi zenye kalisi zilipokutana na maji ya magadi ya ziwa, na nyingi zikabaki nje baada ya jiji la Los Angeles kuanza, mwaka 1941, kuchepusha vijito vilivyokuwa vikililisha. Ziwa la milimani, basi, halielezeki bila jiji lililo mamia ya kilomita kusini, na uhusiano wa namna hii hupotea kila kanda inaposomwa peke yake.

Central Coast inastahili sifa inazopewa, ila kabla ya kupanga kupita Big Sur, sehemu ya pwani yenye milima mikali, ni lazima kuulizia hali ya barabara ya 1, kwa kuwa maporomoko ya ardhi huikata mara kwa mara na kumlazimisha dereva kuzunguka kupitia bara. Central Valley wengi huipita bila kusimama. Nadhani imeonewa, maana mwezi Februari mashamba yake ya milozi huchanua kwa maili nyingi.

Mgeni wa Agosti na achukue San Francisco Bay Area na High Sierra. Wa Februari atafaidi zaidi San Diego County pamoja na Deserts, akianzia hifadhi ya Anza-Borrego, ambako maua ya jangwani hujitokeza ikiwa mvua za majira ya baridi zimetosha.