Wiki sita za mafunzo ya bure kwa walimu wa sayansi na teknolojia: uzoefu wangu

Nafundisha fizikia mwaka wa kumi na moja sasa, na miaka miwili ya karibuni nimebebeshwa na vipindi vya kompyuta kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuvichukua. Nilipoona tangazo la mafunzo ya mtandaoni ya walimu wa sayansi na teknolojia, wiki sita, bila malipo, nilijiandikisha usiku uleule. Matumaini yangu yalikuwa madogo. Semina nyingi nilizopitia ni za kusomewa slaidi, kugawiwa makabrasha, kupiga picha ya pamoja, kisha unarudi darasani na kufundisha kama ulivyokuwa ukifundisha jana.

Haya yalianza kwa swali. Betri moja, balbu mbili zinazofanana, zimeungwa kwa mfululizo: ipi itawaka zaidi? Kila mmoja aliandika jibu lake kabla ya kuona la mwenzake. Walimu wenzangu kadhaa waliandika kwamba ya kwanza itang'aa zaidi, kwa sababu ndiyo inayopokea umeme mwanzo, na ya pili inaambulia uliobaki. Mimi niliandika kwamba zitalingana. Kisha tukaambiwa tueleze sababu bila kutaja kanuni wala fomula yoyote, nikakwama. Miaka yote hiyo nilikuwa najua kukokotoa mkondo, na wanafunzi wangu nao nimewafundisha kukokotoa.

Mwezeshaji akafungua jaribio la sakiti kwenye PhET, ule mradi wa majaribio ya sayansi yanayoigizwa kwenye kompyuta, wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001. Betri ya volti 9, balbu mbili zenye ukinzani wa omu 10 kila moja. Ammita, kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, ikawekwa kabla ya balbu ya kwanza, ikawekwa katikati, ikawekwa baada ya balbu ya pili. Mahali pote patatu ilisoma ampea 0.45, na vidoti vya elektroni vilizunguka kwa mwendo mmoja sakiti nzima. Akaondoa balbu moja, akaunga waya mahali pake, akatuuliza: hii iliyobaki inapata nguvu mara ngapi ya ile ya mwanzo? Wengi tulisema mara mbili. Ni mara nne, kutoka wati 2 na kidogo hadi wati 8.1.

Hapo ndipo nilipoona kosa linakotoka. Sisi wenyewe tunasema kila siku kwamba taa hii inakula umeme sana, na mtoto anakuja darasani na picha hiyo kichwani: umeme unaingia kwenye balbu, unaliwa, unatoka kidogo. Ukimwambia nishati ndiyo inayobadilishwa kuwa mwanga na joto, ilhali mkondo unaopita ni uleule, ataandika daftarini na kuendelea kuamini alichokuja nacho. Inabidi kwanza abashiri, akitoe nje alichonacho, ndipo ammita imkatalie mbele ya macho yake. Bashiri, tazama, eleza. Mbinu yenyewe si ngeni na haihitaji kompyuta, balbu mbili na waya zinatosha.

Nilijaribu wiki iliyofuata. Nilitumia pia utaratibu uliopewa umaarufu na Eric Mazur wa Harvard tangu miaka ya 1990: wanafunzi wanapiga kura juu ya jibu, wanajadiliana na jirani, wanapiga kura tena. Kelele ilikuwa kubwa kuliko nilivyozoea, lakini nilipozunguka nikisikiliza, walikuwa wanabishana juu ya mkondo wa umeme, si mambo mengine. Mwishoni binti mmoja wa dawati la nyuma akaniuliza: "Mwalimu, kama balbu haimalizi umeme, mbona betri inakwisha?"

Sikuwa na jibu ambalo lingemtosha. Nilimwambia ukweli huo, nikaahidi kulileta. Jioni nililipeleka kwenye kundi la mafunzo, na aliyelijibu ni mwalimu wa kemia: betri si ghala la elektroni, elektroni zimo tayari ndani ya waya. Kinachokwisha ni kemikali ndani ya betri ambazo mmenyuko wake ndio unaosukuma elektroni, na kemikali hizo zikishabadilika hakuna tena wa kusukuma. Kesho yake nilianza kipindi kwa swali la yule binti, na niliwaambia wanafunzi wangu kwamba na mimi nililiuliza. Kwa maoni yangu kundi hilo la kuulizana ndilo kitu cha thamani kuliko vyote katika mafunzo haya. Mwalimu wa somo moja akiwa peke yake shuleni hana wa kumuuliza.

Upande wa kompyuta ulikuwa mfupi ila umenifaa. Tulifundishwa PRIMM, utaratibu wa Sue Sentance na wenzake: mwanafunzi abashiri programu itafanya nini, aiendeshe, aichunguze, airekebishe, ndipo aunde yake. Zamani nilikuwa naandika programu ubaoni, wanainakili, ikigoma tunatafuta nukta iliyosahauliwa hadi kengele inalia. Sasa nawapa mistari miwili ya Python, lugha ya kuandikia programu: kitanzi, yaani amri inayojirudia, cha range(5) kinachochapisha namba. Karibu wote wanabashiri moja hadi tano. Inatoka sifuri hadi nne, na hapo wanataka wenyewe kujua kwa nini.

Sasa yaliyonikera. Neno bure lilikuwa na mkia: masomo ni bure, cheti kinalipiwa, na hilo liliandikwa kwa maandishi madogo chini kabisa. Kama mwajiri wako anadai cheti, uliza kabla ya kuanza. Video zilikuwa nzito, hazina toleo dogo la kupakua, hivyo bando ni gharama yako. Waliniambia saa tatu kwa wiki, mimi nilitumia tano, sita. Wiki ya mwisho, ya akili unde, ilikuwa orodha ya programu tu, hakuna hata swali moja la kufikirisha kama lile la balbu. Wenzetu wengi walikuwa wameshaacha kufika hapo, na sishangai.

Ukiamua kujiunga, tafuta mwalimu mwenzako mmoja mjiunge pamoja, hata kama anafundisha somo tofauti na lako. Pakua majaribio ya PhET mapema, kwa kuwa mengi yanaendeshwa bila intaneti ukishayahifadhi, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Na usisubiri wiki sita ziishe ndipo ujaribu darasani. Mimi kila nilichojifunza Jumanne nilikipeleka kwa wanafunzi kabla ya Ijumaa, na maswali waliyonirudishia ndiyo niliyokwenda nayo kwenye kundi Jumanne iliyofuata.